Eddie Howe: kutoka kuruhusu mabao zaidi ya 60 kila msimu hadi Kombe la Ligi, nini kilibadilika?

Chumba_cha_Mbinu (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Ukipitia rekodi za Eddie Howe kuna kitu hakikai sawa. Misimu 5 aliyokaa na Bournemouth Ligi Kuu ya England, timu yake iliruhusu mabao 67, 67, 61, 70 na 65. Haikuwahi kushuka chini ya 60. Halafu kocha huyohuyo, msimu wa 2022/23, Newcastle yake inaruhusu mabao 33 tu, sawa na Manchester City waliobeba ubingwa.

Jibu la haraka ni pesa za Saudia, wamiliki wa Newcastle. Silipingi moja kwa moja, lakini wamiliki ni walewale na msimu uliofuata timu ikafungwa 62.

Naomba wanaomfuatilia kwa undani wanisaidie mambo matatu. Kwanza, alipoanza kule madaraja ya chini alifanya nini hasa, maana wengi wanamjua kuanzia Ligi Kuu tu. Pili, alibadilisha nini uwanjani alipofika Newcastle. Tatu, kwa nini 2023/24 ukuta ulibomoka. Ushabiki tuuweke kando.

BekiWaKati05

Mkuu, nianze na la kwanza, kwa sababu bila hilo hayo mengine hayaeleweki.

Howe alikuwa beki wa kati. Alizaliwa Amersham tarehe 29 Novemba 1977, akakulia Bournemouth na kuanza kuichezea timu ya wakubwa mwaka 1995 chini ya Mel Machin. Aliitwa timu ya taifa ya England chini ya miaka 21 akacheza mara 2. Mwaka 2002 Harry Redknapp akamchukua Portsmouth kwa pauni 400,000, na goti likaharibika hapohapo. Kwa miaka miwili yote ya Portsmouth alicheza mechi 2 tu za ligi. Bournemouth walipotaka kumrudisha mwaka 2004 klabu haikuwa na fedha, mashabiki wakachanga karibu pauni 21,000 kwa siku chache. Goti halikupona sawasawa, akaacha kucheza mwaka 2007 akiwa na miaka 29. Wakati huo tayari alikuwa anafundisha wachezaji wa akiba.

Sasa sikiliza hali aliyoikuta. Msimu wa 2008/09 Bournemouth ilianza League Two, yaani daraja la nne, ikiwa imekatwa pointi 17 kwa sababu ya matatizo ya madeni. Luton walikatwa 30, Rotherham nao 17. Timu 2 za mwisho zinatoka kabisa kwenye mfumo wa ligi za kulipwa. Kocha Jimmy Quinn akafukuzwa tarehe 31 Desemba 2008, Howe akapewa timu kwa muda akiwa na miaka 31. Timu ilikuwa ya 23 kati ya 24. Akapoteza mechi 2 za mwanzo, bado wakamwamini na kumpa kazi moja kwa moja mwezi Januari.

Walimaliza nafasi ya 21 wakiwa na pointi 46. Rudisha zile 17 uone: ni 63, pointi za timu ya katikati ya msimamo. Walijiokoa tarehe 25 Aprili 2009 kwa kuifunga Grimsby 2-1, bao la ushindi likiwa la Steve Fletcher, mkongwe ambaye Howe alimrudisha klabuni mwezi Januari. Msimu uliofuata, huku klabu ikiwa imezuiwa kusajili kwa muda mrefu, wakapanda daraja wakiwa nafasi ya pili kwa pointi 83.

Hapo ndipo ilipo sifa yake ya kwanza ambayo watu hawaitaji vya kutosha: mchezaji aliyepo anamfanya bora kuliko alivyomkuta, kwa sababu hana njia nyingine. Steve Cook, Simon Francis, Charlie Daniels na Marc Pugh walikuwepo Bournemouth ikiwa daraja la tatu, na wote wakafika kucheza Ligi Kuu.

Winga_wa_Kushoto

Naongezea hapo kabla hatujafika Newcastle, maana watu hupenda kuruka kipindi cha Burnley. Alikwenda Januari 2011, akamaliza nafasi ya 8 halafu ya 13 kwenye Championship, yaani daraja la pili. Kwenye karatasi si kitu. Lakini angalia waliopita mikononi mwake pale: Danny Ings, aliyetoka naye Bournemouth, Kieran Trippier aliyeletwa kwa mkopo kutoka Manchester City kisha akanunuliwa, na Sam Vokes. Sean Dyche alipokuja baada yake aliipandisha Burnley mwaka 2014 akiwa na hao hao watatu. Sifa kubwa ni ya Dyche, ila msingi haukujengwa siku moja.

Howe alirudi Bournemouth Oktoba 2012 baada ya kufiwa na mama yake. Alitaka kuwa karibu na familia. Klabu ilikuwa chini kwenye daraja la tatu, na mwezi Mei ikawa imepanda ikiwa ya pili. Miaka miwili baadaye ikawa bingwa wa Championship kwa pointi 90 na mabao 98. Kumbuka Callum Wilson alinunuliwa Coventry kwa takribani pauni milioni 3 tu, akafunga 20 za ligi msimu huo. Birmingham wakafungwa 8-0 nyumbani kwao. Uwanja wa Bournemouth unaingiza watu wasiozidi 12,000. Kwa klabu ya ukubwa huo kufika Ligi Kuu na kukaa misimu 5 mfululizo ni kazi kubwa sana, hata kama mabao ya kufungwa yalikuwa mengi.

KiungoMkabaji

Nachukua swali la pili.

Ukitaka kujua kwa nini Bournemouth walifungwa sana, tazama mahali mabeki wa pembeni walipo pale mpira unapopotea. Howe alicheza 4-4-2, wakati mwingine mshambuliaji mmoja akishuka nyuma ya mwenzake. Francis kulia na Daniels kushoto walipanda kwa wakati mmoja, Matt Ritchie na Pugh wakiingia ndani. Ni shambulizi zuri, linakupa watu 6 mbele. Mpira ukipotea wanabaki mabeki 2 wa kati na viungo 2, na mmoja wa hao viungo mara nyingi naye amepanda. Kwenye Championship unasalimika kwa sababu mpinzani anakosea pasi ya kwanza. Kwenye Ligi Kuu hakosei.

Baada ya kushuka daraja 2020 alikaa nje ya kazi zaidi ya mwaka mmoja. Muda huo alitembelea makocha wengine, akiwemo Diego Simeone pale Atlético Madrid. Alipotua Newcastle tarehe 8 Novemba 2021 timu ilikuwa na pointi 5 katika mechi 11, haijashinda hata moja. Hakubadilisha kila kitu siku ya kwanza, na ushindi wa kwanza ulikuja tarehe 4 Desemba, 1-0 dhidi ya Burnley. Katika historia ya Ligi Kuu hakuna timu nyingine iliyokuwa imecheza mechi 14 za mwanzo bila ushindi ikabaki.

Mabadiliko yenyewe, kwa mpangilio wa umuhimu wake:

Beki wa kushoto asipande. Huu ndio ufunguo. Dan Burn, beki wa kati mwenye urefu wa karibu mita 2, aliwekwa kushoto. Timu ikiwa na mpira Trippier anapanda kulia, Burn anabana ndani, nyuma wanabaki 3: Schär, Botman na Burn. Mpira ukipotea hakuna tundu upande wa kushoto, na kona za mpinzani unakuwa na warefu 3. Gharama yake ni kwamba shambulizi linaegemea kulia, na winga mwenye kasi anaweza kumsumbua Burn akikutana naye peke yake. Ndiyo maana Joelinton au Willock alikuwa anakaa karibu naye.

Viungo 3 badala ya 2. Bruno Guimarães katikati, kulia Sean Longstaff, kushoto Joelinton au Willock. Longstaff hakuwa anapigiwa makofi sana, lakini yeye ndiye aliyeziba nafasi kila Trippier alipopanda. Mtoe Longstaff uone Trippier anavyobaki uchi nyuma yake.

Kukaba kwa juu kwa zamu. Winga wa upande wa mpira anamfuata beki wa pembeni, mshambuliaji anafunga njia ya kurudi kwa kipa, kiungo wa upande huo anapanda kumkaba kiungo wa mpinzani. Mmoja akichelewa sekunde moja mnyororo wote unakatika, kwa hiyo si mfumo wa kuchezwa na mtu aliyechoka. Hili lishike, litarudi kwenye swali la tatu.

Kipa anayetoka. Safu ya ulinzi ikisimama juu lazima kipa afagie nyuma yake, na Nick Pope alinunuliwa Burnley kwa pauni milioni 10 hivi. Alimaliza msimu na mechi 14 za ligi bila kufungwa. Hatari yake iliwagharimu vibaya: tarehe 18 Februari 2023 dhidi ya Liverpool alitoka nje ya eneo lake, akashika mpira, kadi nyekundu. Akakosa fainali ya Kombe la Ligi wiki iliyofuata. Kipa mwingine, Dúbravka, naye hakuruhusiwa kwa kuwa alishacheza kombe hilo akiwa Manchester United kwa mkopo. Akasimama Loris Karius, Newcastle wakafungwa 2-0.

Mhasibu_wa_Soka

Uchambuzi mzuri, ila suala la fedha tusilipite kirahisi.

Mfuko wa uwekezaji wa Saudia na washirika wake walinunua klabu tarehe 7 Oktoba 2021 kwa pauni milioni 305. Dirisha dogo la Januari 2022 waliingia Trippier kwa takribani milioni 12, Chris Wood milioni 25, Burn milioni 13, Bruno karibu milioni 40, na Matt Targett kwa mkopo. Timu iliyokuwa na pointi 11 katika mechi 19 ikachukua 38 katika 19 zilizobaki, ikamaliza ya 11. Bila usajili ule, sioni namna wangefika 49. Wood watu wanamdharau kwa mabao yake machache, lakini kumchukua kuliwanyima Burnley mshambuliaji, na Burnley ndio walioshuka wakiwa nafasi ya 18.

Nakubaliana na BekiWaKati05 kwenye jambo moja kubwa: Joelinton hakununuliwa na Howe. Alikuwepo tangu 2019, mshambuliaji wa milioni 40 asiyefunga. Tarehe 30 Novemba 2021 dhidi ya Norwich, Ciaran Clark alitolewa kwa kadi nyekundu dakika ya 9, Joelinton akashushwa kiungo na hakurudi tena kuwa namba 9. Thamani hiyo imetoka mazoezini, haikutoka benki.

Pia tuwe wa haki kwa upande wa pili. Bournemouth nao walitumia fedha mwishoni, na hazikutumika vizuri. Jordon Ibe milioni 15, Dominic Solanke milioni 19 akakaa zaidi ya mwaka bila bao la ligi. Howe alikuwa na sauti kubwa kwenye usajili ule. Solanke alikuja kuthibitika baadaye, lakini 2019/20 walihitaji mabao ya wakati ule. Walishuka na pointi 34, Aston Villa wakabaki na 35. Wengine hukumbusha mechi ya Villa na Sheffield United ya tarehe 17 Juni 2020, pale mtambo wa mstari wa goli uliposhindwa kuonyesha kuwa mpira umevuka, ikaisha 0-0. Villa wangepoteza ile wangekuwa na 34 na tofauti mbaya zaidi ya mabao. Ni kweli kimahesabu. Ila timu iliyofungwa 65 haiwezi kuweka msimu mzima juu ya mtambo mmoja.

Chumba_cha_Mbinu (mleta mada)

Asanteni sana wakuu, hoja ya Burn kubana ndani imenifungua. Lakini 2023/24 Burn alikuwepo, Schär alikuwepo, Bruno alikuwepo, na bado mabao 62. Ni uchovu tu au kuna zaidi?

KiungoMkabaji

Uchovu ndio mzizi, ila uone ulivyosambaa.

Msimu ule waliingia Ligi ya Mabingwa baada ya kumaliza wa 4 kwa pointi 71. Kundi lao lilikuwa PSG, Dortmund na Milan. Wakaifunga PSG 4-1 pale St James' Park tarehe 4 Oktoba, kisha Dortmund wakawachapa nyumbani na ugenini. Ugenini kule Paris, Newcastle waliongoza 1-0 mpaka dakika ya 98, Mbappé akasawazisha kwa penalti ya mkono iliyoleta ubishi mkubwa. Wakamaliza wa mwisho kwenye kundi na pointi 5.

Katikati ya hayo Sandro Tonali, kiungo aliyenunuliwa Milan, akafungiwa miezi 10 kwa kucheza kamari. Pope akaumia bega Desemba. Botman goti. Joelinton, Willock na Barnes nao wakakaa nje kwa muda mrefu. Mwezi Novemba na Desemba Howe alikuwa akipanga karibu kikosi kilekile kila baada ya siku 3 au 4, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa makinda na makipa.

Rudi kwenye ile kanuni ya kukaba kwa zamu. Kiungo anachelewa sekunde moja. Mpinzani anapita mstari wa kwanza. Safu ya ulinzi bado imesimama juu, kwa sababu ndivyo ilivyofundishwa, na sasa Burn anakimbizana na winga akiwa na mita 40 wazi nyuma yake. Kosa la Howe, na hapa namlaumu bila kusita, ni kuchelewa kuishusha safu. Alikuwa na hiari ya kukaba katikati ya uwanja kwa wiki 6 au 8 mpaka majeruhi warudi. Alishikilia mfumo uleule na miguu haikuwepo. Jambo linalomtetea ni mabao 85 waliyofunga, mengi kuliko msimu wa nafasi ya 4. Walimaliza wa 7 na wakakosa Ulaya kwa sababu Manchester United walibeba Kombe la FA.

Mhasibu_wa_Soka

Ongeza kanuni za matumizi. Klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa hasara isiyozidi pauni milioni 105 kwa miaka 3. Kufikia Juni 2024 Newcastle walikuwa ukingoni, ikabidi wawauze Elliot Anderson kwenda Nottingham Forest na Yankuba Minteh kwenda Brighton kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa hiyo msimu wa 2024/25 Howe hakupewa kikosi kipya. Hilo ndilo linalonifanya niuthamini msimu ule kuliko ule wa nafasi ya 4.

BekiWaKati05

Ni kweli, na alichofanya bila usajili mkubwa ni kubadilishana nafasi. Tonali aliporudi aliwekwa kwanza kama kiungo wa pembeni. Kuelekea mwishoni mwa 2024 Howe akamshusha kuwa kiungo wa chini kabisa, Bruno akasogezwa juu kulia. Tonali ana kasi ya kufunika eneo pana nyuma ya wanaokaba. Bruno ana utundu wa kupokea mpira akiwa amebanwa karibu na lango la mpinzani. Mechi 9 zikashindwa mfululizo katika mashindano yote. Mabao ya kufungwa yakashuka hadi 47, wakamaliza wa 5.

Na Kombe la Ligi lenyewe halikuwa la njia nyepesi: Forest kwa penalti, Wimbledon, Chelsea, Brentford, kisha Arsenal 2-0 mara mbili. Fainali ilikuwa tarehe 16 Machi 2025 dhidi ya Liverpool, bila Anthony Gordon aliyefungiwa na bila Lewis Hall aliyeumia.

Bao la kwanza linastahili kutazamwa mara kadhaa. Liverpool walilinda kona kwa kuweka warefu wao kwenye eneo la karibu na lango, na wafupi wakizuia wakimbiaji. Newcastle wakamweka Burn mbali, nyuma ya msongamano, na aliyebaki kumzuia ni Mac Allister, aliyepungukiwa sana urefu. Trippier hakupiga kwenye kundi. Alipiga mpira wa juu kuelekea kule nyuma, Burn akapiga kichwa kutoka karibu na alama ya penalti, dakika ya 45. Watu walisema Liverpool walizubaa, wakati Newcastle waliwalazimisha kuchagua nani wa kumwacha. Dakika ya 52 Isak akaongeza la pili baada ya Murphy kuurudisha kwa kichwa mpira wa krosi ya Livramento, Chiesa akapata la Liverpool mwishoni. 2-1.

Ni kombe kubwa la kwanza la Newcastle tangu 1969, na la ndani ya England tangu 1955. Kwa makocha Waingereza, hakuna aliyekuwa amebeba kombe kubwa la England tangu Redknapp na Portsmouth mwaka 2008.

Winga_wa_Kushoto

Msisahau benchi lake la ufundi. Jason Tindall alicheza naye Bournemouth na amekuwa msaidizi wake karibu kila alipokwenda. Howe alipolazwa kwa nimonia Aprili 2025, Tindall na Graeme Jones waliongoza timu, wakaifunga Manchester United 4-1 na Crystal Palace 5-0, kisha wakapoteza 4-1 kwa Aston Villa. Lakini Tindall alipopewa Bournemouth peke yake Agosti 2020 hakumaliza msimu, Februari akaondolewa. Kwa maoni yangu wanafanya kazi vizuri zaidi wakiwa wawili.

Chumba_cha_Mbinu (mleta mada)

Shukrani wakuu. La mwisho: kwa anayetaka kuona mabadiliko hayo kwa macho, aangalie mechi zipi?

KiungoMkabaji

Nne zinatosha. Norwich ya tarehe 30 Novemba 2021, tazama kuanzia dakika ya 10, umfuatilie Joelinton tu na uache mpira. Arsenal 0-0 Newcastle, tarehe 3 Januari 2023: hapo simamisha picha kila Arsenal wanapopata mpira upande wa kulia kwao, uhesabu watu kati ya Burn na Joelinton. Newcastle 6-1 Tottenham, Aprili 2023, tazama dakika 21 za kwanza peke yake, maana zilitosha kwa mabao 5 na kila bao linaanzia kwenye kukaba au mpira wa haraka nyuma ya mabeki. Halafu fainali ya 2025, na hiyo usiishie kwenye mabao. Fuatilia Tonali anaposimama wakati Livramento na Trippier wote wamepanda. Kisha rudi kwenye mechi yoyote ya Bournemouth ya 2018/19 na utafute nani alikuwa anasimama sehemu hiyo.